Wenzake wanamwita Indiketa

Salaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia, upande wetu huu wa Uganda, nauza mivumba, yaani mitumba, sokoni. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana ni usingizini tu ndipo mwili wa mwanangu wa pili unapotulia.

Ana miaka minane, yuko P3, darasa la tatu. Mwaka jana, siku za Ramadhani, alianza kupepesa macho. Anayabana kwa nguvu mara tatu nne mfululizo, kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Sisi tunakaa karibu na foleni ya malori, nikasema ni vumbi, nikanunua dawa ya matone. Yakapoa kama wiki mbili, nikashukuru Mungu. Kisha likaja bega. La kulia, linaruka juu kama la mtu anayesema "sijui mimi". Bega likapungua, macho yakarudi, na sasa Ramadhani nyingine imeshapita na kuna koo: "hm, hm", anajikohoza mchana kutwa, hana kikohozi, hana homa.

Klinika ya kwanza walimpa dawa ya malaria na kipimo kilikuwa kimesema hana. Ya pili wakampa ya minyoo. Ya tatu mhudumu akasema labda ni kifafa, nikatoka pale miguu haina nguvu. Na kila nikimfikisha kwa mganga wa hospitali anatulia tuli! Daktari ananitazama mimi kama mgonjwa ni mimi.

Mama mkwe anasema kuna mtu ndani yake. Nikiwa sokoni alimchukua akampeleka kwa fundi mmoja, mtoto akarudi na chale sita kifuani na shati linanuka moshi. Baba yake, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, anasema ni uchokozi tu. Hoja yake ni hii: mbona akicheza mweso na babu yake hafanyi? Na ni kweli, Shangazi. Akiinama juu ya ule ubao anahesabu kete, macho yako wazi, bega limelala, koo kimya. Akiinuka tu, yanaanza. Ndiyo maana mume wangu anasema akitaka anaweza kuacha, na mwakani anataka tumpeleke bweni akanyooshwe.

Shuleni amechapwa mara mbili, mara ya kwanza kwa "kumkonyeza" mwalimu, ya pili kwa kelele za koo. Wenzake wanamwita Indiketa, kama taa za lori. Daftari zake zinarudi zimeandikwa nusu, ingawa kwa hesabu za kichwa ananishinda mimi ninayeshika pesa kila siku. Usiku halali mpaka aguse komeo la mlango mara nne, na akikosea anaanza upya. Jirani naye ameniongezea: eti ni ule ugonjwa wa kutikisa kichwa wa watoto wa kaskazini.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Wiki iliyopita nilikuwa nahesabu mauzo, siku imekuwa mbaya, yeye kando yangu "hm, hm, hm". Nilimpiga kofi. Hakulia. Alishika koo lake kwa mikono miwili, akasema, "Mama, najaribu kuizuia, inarudi." Baadaye, nimeshazima taa, akaniuliza, "Mama, mimi ni mwendawazimu?" Nilijifanya nimelala.

Nimwambie nini?

Mama wa P3, Busia

* * *

Waaleikum salaam mwanangu,

Nimekuwa nesi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kuanza kukaa hapa kujibu barua, na nimesikia madaktari wengi wakieleza jambo hili. Hakuna aliyelieleza vizuri kuliko huyo mtoto wako gizani: najaribu kuizuia, inarudi.

Simwoni, kwa hiyo jina la ugonjwa atapewa na atakayemshika mkono na kumpima. Lakini macho, kisha bega, kisha koo, yanapanda na kushuka, yanahama, yanapoa wiki mbili na kurudi, usingizini yanatoweka. Haya yote ni mwendo wa kile ambacho madaktari wanakiita tiki. Si ile tiki ya kalamu nyekundu kwenye daftari. Hii ni msukumo mfupi wa misuli, au sauti, unaokuja wenyewe na kurudiarudia kwa namna ileile. Unatoka kwenye ubongo, katika zile njia zinazoamua mwendo upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Fikiria mlinzi wa geti anayepitisha gari ambalo hana karatasi zake. Baba yake ataelewa huo mfano.

Tena ni kitu cha kawaida kuliko unavyodhani. Hata mtoto mmoja kati ya watano wa shule ya msingi hupitia tiki za aina fulani, nyingi zikapita bila mtu kuzipa jina: yule anayevuta pua, yule anayenyoosha shingo, yule aliyechapwa kwa kukunja uso. Zikiisha kabla ya mwaka, yanaisha. Zikivuka mwaka, na mtoto akawa amepata za mwili zaidi ya moja pamoja na ya sauti, basi hali hiyo huitwa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika mwaka 1885 kuhusu wagonjwa 9 wa namna hiyo. Hao ni watoto kama watatu hadi kumi katika kila elfu, na wavulana ni mara tatu au nne ya wasichana. Kwa hesabu ya Ramadhani zako mbili, usishangae ukipewa jina hilo. Na usije ukaogopa ukilitafuta kwenye simu ukaona watu wanaporomosha matusi barabarani. Hiyo ndiyo inayopendwa kwenye video, lakini ni kama mmoja kati ya kumi tu wa wenye Tourette anayepata tiki ya matusi.

Sasa huo mweso, maana naona ndio uliomtia baba yake kiburi. Alichoona ni sahihi, alichokosea ni hukumu. Tiki hupungua sana akili ikizama kwenye kazi inayoishika yote, na kuzungusha kete 64 huku babu anakuvizia ni kazi ya namna hiyo. Zikipata uchovu, hofu, furaha ya kupita kiasi, au macho ya watu, hupanda. Ndiyo maana pia hutulia mbele ya daktari: anajibana kwa nguvu zote. Anaweza, ndiyo. Kwa muda.

Mpe mume wangu huyo (ruhusu nimwite hivyo, shangazi ana haki zake) jaribio moja. Akae mezani na karatasi zake za mizigo, asipepese macho dakika mbili, na wakati huohuo ajumlishe namba. Sekunde za kwanza ataona rahisi. Kisha macho yatawasha, kichwa kitajaa jambo moja tu, namba zitapotea, na atakapojiachia atapepesa mara kumi. Hivyo ndivyo mtoto wenu anavyokaa darasani. Watoto wengi wenye tiki, hasa wakishafika umri kama wake, husikia kitu kabla: muwasho, mkazo, kama chafya iliyokaribia. Wakiitoa, nafuu. Wakiizuia, inajazana. Ukiona anarudi kutoka shule na saa ya kwanza nyumbani inakuwa mbaya kuliko siku nzima, ujue alikuwa ameibeba tangu asubuhi na amefika mahali pa kuitua.

Kuhusu kifafa na mengine uliyotishwa nayo, nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo kuna mambo ya kuangalia kweli.

Kifafa cha mtoto mara nyingi humtoa mahali alipo. Anazubaa katikati ya sentensi, unamwita hasikii, anarudi hajui kama aliondoka. Au anaanguka, anakakamaa, anajikojolea. Na kinaweza kumjia hata usingizini. Wako akipepesa anakusikia? Anakujibu? Anaweza kushikilia kidogo ukimwomba? Basi hiyo si sura ya kifafa. Ule wa kutikisa kichwa, ulioumiza watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, ni wa ukoo wa kifafa: kichwa kinadondoka mbele tena na tena, mara nyingi mtoto akianza kula au akipigwa na baridi, anapotewa na fahamu, na kadiri miaka inavyokwenda anadumaa mwili na akili. Unahusishwa na minyoo ya upofu wa mtoni, wanaoletwa na nzi weusi wa mito yenye kasi, na tangu mwaka 2012, dawa ya ivamektini na kunyunyizia mito vilipoongezwa kule, wagonjwa wapya wamepungua sana. Jirani yako amechukua neno "kutikisa" na kusahau yote mengine.

Lililonifanya nishike kalamu kwa nguvu zaidi ni jingine, ambalo hakuna aliyekutajia. Kuna mtetemo unaomjia mtoto wiki au miezi kadhaa baada ya koo kuuma kwa bakteria. Ni dada wa ile homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na hapa Uganda moyo wa namna hiyo bado unaua watoto. Mtoto anakuwa kama anacheza ngoma isiyo na mdundo: mikono na uso vinasogea ovyo, havirudii mwendo mmoja. Anaangusha vikombe. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika ndani ya wiki chache. Analia bila sababu. Mwambie atoe ulimi aushikilie nje, hawezi, unarudi ndani wenyewe. Mpe vidole viwili avibane, atabana na kulegeza, kubana na kulegeza, kama anakamua ng'ombe. Jaribu hayo mawili leo kwa mchezo. Ukiyaona, usingoje Jumatatu: hospitali, apimwe moyo, na kuna sindano za penisilini za kumlinda ambazo hudungwa kila wiki tatu au nne kwa miaka. Ulivyoandika wewe, bega ni lilelile na mwendo ni uleule, sidhani kama ndiyo hii. Lakini jaribio ni la dakika moja na halina gharama.

Na moja la njiani, maana nimeliona mara nyingi: mtoto akipewa dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, wengi mnaijua kama Plasil, halafu ndani ya siku moja mbili shingo ikapinda na macho yakageuka juu, hiyo si tiki wala si jini. Ni dawa. Mrudisheni hospitali mara moja mkiwa na pakiti ya dawa hiyo mkononi.

Macho nayo yaangaliwe na mtu wa macho, mara moja, ili vumbi na mzio viondoke kwenye orodha. Yakiwa mekundu na anayasugua, kuna kazi ya kufanya hapo. Yakiwa safi, achana na matone.

Utakwenda wapi? Umeshapoteza pesa kwenye klinika tatu. Safari hii nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu nadhani Mbale ndiyo karibu, uliza kitengo cha afya ya akili. Najua hilo jina linakutisha kuliko ugonjwa. Usiogope geti. Watu wa kitengo hicho, hasa wale maafisa tabibu wa magonjwa ya akili, ndio waliofundishwa kutofautisha tiki, kifafa na mengine, na ndio watakaojua kama kuna haja ya kumfikisha Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, kwa madaktari wa neva za watoto, au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ambako kuna huduma ya watoto pia.

Kabla hujaenda, tumia simu yako. Mrekodi dakika mbili akiwa anakula au anatazama televisheni, bila kumwambia, bila kumwelekezea simu usoni. Rekodi jioni tatu tofauti. Daktari akikutazama kama mgonjwa ni wewe, mpe simu. Andika na tarehe pia: macho yalianza lini, bega lini, koo lini. Muulize mama mkwe kama kuna mtu wa ukoo aliyekuwa na mambo kama haya utotoni, maana tiki hutembea kwenye damu. Usishangae akikumbuka mjomba fulani "aliyekuwa anameza hewa". Mara nyingi huwa yupo.

Sasa nirudi kwenye mistari miwili ambayo uliiandika kama ya kupita. Daftari nusu. Komeo mara nne.

Mimi naona hiyo ndiyo barua yako yenyewe. Tiki peke yake ni kero; macho yanayopepesa hayajamzuia mtu kuwa mhandisi. Lakini zaidi ya nusu ya watoto wenye Tourette wana pia shida ya umakini na kutotulia, na wengi wana ile hali ya kurudiarudia, ambapo wazo linamng'ang'ania mtoto kwamba jambo baya litatokea asipogusa, asipohesabu, asipoanza upya. Hizi ndizo zinazomrudisha mtoto nyuma shuleni na kumnyima usingizi, na ndizo zinazotibika vizuri zaidi zikitajwa. Asipomaliza kunakili ubaoni inaweza kuwa macho yanampotezea mstari, au nguvu zake zote zinakwenda kujizuia, au akili inaondoka na kurudi. Ni vitu vitatu tofauti. Komeo nalo, muulize kwa upole, mchana, si pale mlangoni: "Usipoligusa unahisi nini?" Akisema "najisikia vibaya tu mpaka ikae sawa", au "nyinyi mtakufa", liandike neno kwa neno, liende Mbale pamoja na video. Usimgombeze kwa komeo, na wewe usianze kumgusia ili alale haraka.

Tiba ya tiki zenyewe mara nyingi ni kutozitibu. Nasema hivyo nikijua umechoka kuambiwa vumilia. Kwa kawaida huanza miaka mitano hadi saba, hufika kileleni karibu na miaka kumi hadi kumi na miwili, kisha kwa walio wengi hupungua sana ujanani, wengine zikaisha kabisa. Kwa hiyo zikipanda akiwa P6 au P7 msiseme dawa zimeshindwa. Ni umri, na ni hofu ya mtihani. Ongeeni mapema na shule, maana UNEB, baraza la mitihani, ina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na ombi hilo hutoka shuleni.

Zikimuumiza, shingo ikauma au zikamzuia kusoma, kuna mafunzo. Mtoto anafundishwa kuutambua muwasho unapokuja, kisha anafanya mwendo mwingine unaogongana na tiki mpaka muwasho upoe. Kwa bega, anashusha bega polepole na kubana kiwiko ubavuni, kama anashikilia kitabu kwapani, kwa dakika moja hivi. Kwa koo, anavuta pumzi taratibu puani na kuitoa vivyo hivyo, mdomo umefungwa. Hufundishwa na mtu mwenye ujuzi kwa vikao kama vinane, na wenye ujuzi huo kwetu ni wachache, lakini uliza. Msimfanyie nyumbani kama adhabu. "Bana kiwiko! Bana!" ni fimbo nyingine tu.

Dawa zipo: klonidini, ambayo asili yake ni ya presha, na risperidoni au haloperidoli, ambazo ni za kitengo hichohicho cha akili. Zinapunguza, hazifuti. Haloperidoli hasa inaweza kumkakamaza mtoto na kumfanya alale darasani, kwa hiyo hizi si za kununua dirishani kwenye duka la dawa. Na hata Piriton ya "kumtuliza" jioni, wacha. Mtoto aliyelala si mtoto aliyepona.

Shule. Mwendee mwalimu asubuhi kabla ya kengele, usimwendee na hasira. Mwambie hivi: "Madam, macho na koo la mwanangu ni hali ya mishipa ya fahamu, tunaifuatilia hospitali. Hakukonyezi. Akiachwa bila kutazamwa hupungua. Naomba umkalishe pembeni ambako wenzake hawamwangalii, na umruhusu kutoka dakika mbili akizidiwa." Wengi wakishaelewa huona aibu kuliko wewe. Asipoelewa, panda kwa mwalimu mkuu, na ujue sheria iko upande wako: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Ikibidi kuna simu ya bure ya watoto, 116, Sauti. Lakini anza na salamu.

Hilo la Indiketa ni gumu zaidi, sitakudanganya. Watoto wa mpakani wana ulimi. Kinachosaidia ni mtoto kuwa na sentensi yake moja, fupi, ya kusema bila kulia: "Ni misuli yangu, inajifanyia, haiambukizi." Mfanyisheni mazoezi nyumbani mpaka aichoke. Na kama anapenda mpira, mwambieni kuhusu Tim Howard, kipa wa Marekani, aliyegundulika ana Tourette akiwa mtoto, akadakia Manchester United na Everton, na kwenye Kombe la Dunia la 2014 akawazuia Ubelgiji dakika zote tisini, mpira baada ya mpira, ingawa mwisho Marekani walifungwa kwenye muda wa nyongeza. (Hakuchezea Arsenal. Kama nyumba yenu ni kama nyumba nyingi za Uganda, hilo litahitaji maelezo.)

Bweni mwakani? Hapana. Si milele, lakini si mwakani. Bwenini hakuna saa ile ya kwanza ya nyumbani ya kutua mzigo. Kuna vitanda thelathini na macho sitini, kuna komeo moja la watu wote. Hali zake zikishajulikana na daktari akisema, mtazungumza tena.

Bibi yake usimfanye adui. Ni yeye ndiye anayekaa na mtoto ukiwa sokoni, na aliogopa kama ulivyoogopa wewe. Mwambie dua haikatazwi; amsomee, ampulizie, ampake mafuta ya zeituni, hakuna ubaya. Chale na moshi, basi. Wembe uliokata mtoto mwingine unaweza kuleta pepopunda, homa ya ini, hata Ukimwi, na moshi unawasha koo ambalo tayari linasumbua. Kama hizo chale hazijapita muda mrefu, zioneshe hospitali na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Wewe na mume wako mna kazi moja ngumu, nayo ni kuacha kumtazama. Msiseme "acha". Msimwambie "leo hujafanya sana, hongera", maana hata hiyo inaiamsha. Koo likianza ukiwa unahesabu mauzo, inuka wewe ukahesabie nje. Si kwa hasira. Nenda tu, kama unakwenda kuangalia nguo.

Kofi umelitaja mwenyewe bila kuulizwa. Mwombe msamaha, kwa maneno, ukiwa umekaa chini naye usawa mmoja. Wazazi wetu hawakutufundisha hilo na hatukufa, lakini huyu alishika koo lake mwenyewe kwa mikono miwili ili akupendeze.

Na lile swali alilokuuliza gizani, ukajifanya umelala. Hakusahau. Usingoje daktari ndipo umjibu. Usiku wa leo, baada ya komeo, kabla hujazima taa, mwambie: "Uliniuliza kama wewe ni mwendawazimu. Nilikusikia. Hapana. Ubongo wako unatuma ujumbe mwingi kwa macho na koo, na wewe huutumi. Hujakosea kitu. Tutakwenda kwa mtu anayejua, na mpaka hapo, hapa nyumbani huna haja ya kuizuia."

Huenda akalia, huenda akauliza kama babu anajua. Mwambie babu aambiwe na yeye mwenyewe, kwenye mweso.

Shangazi